Mvua 30 zinaandikwa kituoni, sio mahakamani

Kuna mama jirani yangu hapa Unga Limited, Arusha, anauza ndizi mbivu na maparachichi, mtoto wake wa mwisho yupo ndani anatumikia mvua 30, yaani miaka 30 jela. Kosa ni simu. Simu yenyewe ya laki moja na ushee, aliikwapua usiku kwa dada mmoja aliyekuwa anatoka kazini, wakavutana, dada akaanguka akaumia goti, chalii akakimbia, asubuhi yake akadakwa na simu ikiwa mfukoni. Mimi simtetei. Aliiba na aliumiza mtu, na hata mama yake hajawahi kukaa mbele yangu akasema mwanae kasingiziwa wizi. Ila kuna neno moja kwenye hati ya mashtaka ndo linamnyima usingizi huyu mama mpaka leo, neno lenyewe ni bisibisi. Dada anasema alitishiwa na kitu kama bisibisi, chalii anasema mkononi hakuwa na kitu. Bisibisi haikupatikana, haikuletwa mahakamani kama kielelezo, na kisheria wala haikuwa lazima iletwe, kwasababu ushahidi wa aliyeporwa ukiaminika unatosha.

Sasa hesabu yake iko hivi. Kwenye Kanuni ya Adhabu, wizi wa kawaida unaenda mpaka miaka 7, na hiyo 7 ni kikomo cha juu, hakimu anaweza kukupa mmoja, anaweza kukupa miezi sita, anaweza kukuachia kwa masharti. Ukiiba huku umetumia nguvu ni unyang'anyi, hapo unahamia miaka 15. Ukiiba huku umetumia nguvu au umetishia na ulikuwa na silaha au kifaa chochote cha hatari ni unyang'anyi wa kutumia silaha, kifungu cha 287A, na hapo sheria inasema kifungo kisichopungua miaka 30, pamoja na viboko au bila viboko. Kisichopungua. Usiku ni uleule, simu ni ileile, goti ni lilelile, kinachokutoa kwenye 15 mpaka 30 ni kama bisibisi ilikuwepo au haikuwepo, na mtu wa kwanza kuamua kama liandikwe au lisiandikwe hilo neno sio hakimu. Ni askari aliyechukua maelezo pale kituoni, alafu anayefuata ni mwendesha mashtaka anayeandaa hati.

Hapo ndo hoja yangu ilipo. Tunazoea kusema hakimu kamfunga fulani miaka 30, magazeti yanaandika hivyo na sisi mtaani tunasema hivyo, lakini kwenye haya makosa hakimu hajapanga adhabu yoyote, yeye kaamua tu mtu ana hatia au hana, akishasema nakutia hatiani kilichobaki ni kusoma namba iliyoandikwa na Bunge. Aliyechagua namba ni yule aliyechagua kosa. Kwahiyo sheria za adhabu za chini hazijaondoa uamuzi wa binadamu kwenye adhabu kama tulivyoambiwa, zimeuhamisha tu, zimeutoa kwa mtu anayekaa sehemu ya wazi, anayelazimika kuandika sababu zake na ambaye unaweza kumkatia rufaa, zimeupeleka kwenye meza ambayo hakuna mtu anaiona na hakuna sababu inayoandikwa.

Na sio adhabu peke yake. Unyang'anyi wa kutumia silaha hauna dhamana, upo kwenye orodha moja na mauaji, uhaini, ugaidi, utakatishaji fedha na dawa za kulevya. Kwahiyo lile neno moja likishaandikwa limeamua mambo mawili kwa mpigo, litakufunga 30 mwisho wa safari na litakuweka mahabusu safari nzima, hata kama mwisho wake utaachiwa huru. Chalii wa jirani yangu alikaa mahabusu karibu miaka mitatu, kesi inapigwa kalenda, shahidi hajafika, hakimu yuko likizo, wakili wa serikali anaomba tarehe nyingine. Alikamatwa na miaka 21, alihukumiwa na 24. Hiyo mitatu haipo kwenye 30. Mahakama ya Rufani imeshasema muda wa mahabusu unaangaliwa pale hakimu anapokuwa na uhuru wa kupima, ila pale sheria imeweka kiwango cha chini huwezi kushuka chini yake kwa sababu hiyo. Yaani miaka mitatu ya maisha ya mtu haihesabiki popote.

Dhamana watu walijaribu kuipigania, Mei 2020 Mahakama Kuu ilisema kile kifungu cha 148(5) cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai kinachozuia dhamana moja kwa moja kinavunja Katiba, kabla hata watu hawajafurahi vizuri, Agosti mwaka huohuo Mahakama ya Rufani ikakirudisha.

Hii kitu haijaanza leo. Sheria ya kwanza ya adhabu za chini ilikuja 1963, nchi ndo kwanza ina miaka miwili, na lengo lilikuwa zuri, wizi wa watumishi wa umma, rushwa, wizi wa mifugo, uvunjaji wa nyumba. Kiwango kilikuwa miaka 2 na viboko 24, 12 ukiingia na 12 siku unatoka. Ile ya 1972 ikaja ikaondoa viboko, 1989 vikarudishwa. 1994 unyang'anyi wa silaha ukapandishwa mpaka 30, 1998 ikaja sheria ya makosa ya kujamiiana na 30 ya ubakaji, 2004 ile 30 ya silaha ikaingizwa ndani ya Kanuni ya Adhabu yenyewe, 2016 wakaja na 20 mpaka 30 kwa uhujumu uchumi, mwaka huohuo sheria ya elimu ikarekebishwa, ukimpa mwanafunzi mimba 30. Unaona inavyoenda? Tulianza na 2 tukaishia 30, na kila mara kosa likitukera namba inayokuja mdomoni mwa mbunge ni hiyohiyo, kama vile hakuna namba nyingine kati ya moja na thelathini. Zaidi ya miaka 60 tunapandisha. Kama ukali wa adhabu ndo unaomaliza wizi, sasa hivi tungekuwa tunalala milango wazi.

Sisi watu wa Arusha hii hoja ilitakiwa tuwe tumeielewa kuliko Mtanzania mwingine yeyote, kwasababu tumeona kwa macho yetu namna nyingine ya kufanya. Mahakama ya Kimbari ya Rwanda ilikaa hapa hapa, pale kwenye kituo cha mikutano cha AICC, iliundwa Novemba 1994 ikafungwa mwisho wa 2015. Ilishitaki watu 93. Mawaziri, wanajeshi, mapadri, watangazaji wa redio, wafanyabiashara. Na mahabusu yao ilikuwa Kisongo, ndani ya eneo la gereza letu, yaani ukipita ile barabara ya kwenda Dodoma kulikuwa na watu wanaoshitakiwa kwa kuua maelfu upande mmoja na machalii wetu wa Ngarenaro na Sombetini upande mwingine.

Angalia wale walipewa nini. Jean Kambanda, aliyekuwa waziri mkuu wakati wa mauaji, alikiri mwenyewe na bado 1998 wakampa maisha, kwasababu majaji walipima wakaona cheo chake na uzito wa alichofanya vinazidi kule kukiri. Georges Ruggiu, Mbelgiji aliyekuwa anatangaza RTLM, ile redio iliyochochea mauaji, alikiri, 2000 akapewa miaka 12. Vincent Rutaganira, kiongozi mdogo wa eneo huko Kibuye, alikiri kwamba watu waliuawa kanisani na yeye hakufanya kitu kuzuia, 2005 akapewa 6. Michel Bagaragaza aliyekuwa bosi wa chai ya Rwanda, 2009 akapewa 8. Adhabu ya kifo haikuwepo kabisa pale.

Sisemi kwamba walipendelewa, na sitaki mtu aliyepoteza ndugu Rwanda asome hapa adhani nachukulia kilio chake kirahisi, wapo waliolia kwa uchungu kuona hizo 6 na 8 na nawaelewa. Ninachosema ni kwamba kila namba pale ilikuwa na kurasa za sababu chini yake. Huyu alikuwa nani, alifanya nini kwa mikono yake, alikiri lini, alisaidia nini, ana umri gani, ameshakaa ndani muda gani, na muda aliokaa mahabusu ulikatwa kwenye kifungo. Ukibisha, unabishia sababu unazoziona. Kosa kubwa kuliko yote ambayo binadamu anaweza kushitakiwa nalo, na bado walimwachia jaji nafasi ya kupima. Alafu kilomita chache kutoka pale, hakimu wa wilaya anayesikiliza kesi ya simu ya laki moja tumemfunga mikono yote miwili. Mi hii sijawahi kupata mtu wa kunielezea nikaelewa.

Na Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu nayo tunaishi nayo hapahapa Arusha tangu 2007. Kesi nyingi sana zilizofika pale dhidi ya Tanzania ziliandikwa na wafungwa wetu, wengine kwa mkono, na wengi wao ni hawahawa wa 30. Mmoja ni mfungwa wa Karanga, pale Moshi, alihukumiwa na mahakama ya wilaya ya Rombo mwaka 1998 kwa unyang'anyi wa kutumia silaha. Alikuwa anaumwa, utetezi wake haukusikilizwa kikamilifu, hakuwa na wakili kuanzia mwanzo mpaka mwisho, na kuipata rufaa yake ikawa safari ya miaka. Novemba 2015 Mahakama ya Afrika ikasema haki zake zilivunjwa, ikiwemo haki ya kusikilizwa na haki ya kupewa msaada wa kisheria kwenye kosa lenye adhabu nzito kiasi hicho. Hesabu mwenyewe, 1998 mpaka 2015. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule alikuwa yuko sekondari.

Sheria ya msaada wa kisheria tulikuja kuipata 2017, na ni jambo jema, ila ukienda mahakama ya wilaya leo bado utakuta mtu anasimama peke yake kizimbani kwenye kosa la miaka 30, anaulizwa una swali kwa shahidi, anasema hapana mheshimiwa, anakaa. Ana maswali kibao, hajui tu swali linaulizwaje.

Novemba 2019 mahakama hiyohiyo ilitoa uamuzi mwingine, huu wa adhabu ya kifo. Kwetu mauaji ya kukusudia adhabu ni moja tu, kunyongwa mpaka kufa, jaji hana cha kuchagua, ingawa hakuna aliyenyongwa tangu katikati ya miaka ya 90. Mahakama ya Afrika ikasema tatizo ni huko kumlazimisha jaji, kwamba kumnyima nafasi ya kuangalia mazingira ya kosa na ya mtu mwenyewe kunafanya huo uhai uchukuliwe kiholela. Mwezi huohuo serikali yetu ikajitoa kwenye lile tamko linalomruhusu mwananchi wa kawaida kupeleka kesi pale moja kwa moja. Jengo tunalo Arusha, Mtanzania ndo hawezi tena kugonga mlango. Ila ile sababu walioitoa haikuondoka na hilo tamko. Kama kumfunga jaji mikono ni kosa kwenye kifo, nielezeni kwanini kumfunga hakimu mikono kwenye miaka 30 ni sawa, wakati kwa mtu wa miaka 24 hiyo 30 ndo maisha yenyewe, ndo ndoa, ndo watoto, ndo kumzika mama.

Oktoba 2021 jiji lote lilisimama pale mahakamani siku aliyekuwa mkuu wa wilaya ya Hai, Lengai ole Sabaya, na wenzake wawili walipohukumiwa miaka 30 kwa unyang'anyi wa kutumia silaha. Watu walishangilia, wengine walilia. Mei 2022 Mahakama Kuu hapahapa Arusha ikasikiliza rufaa ikawaachia huru. Mimi siingii kwenye kesi yenyewe, mahakama ilishasema. Naangalia kalenda. Kama miezi saba kutoka hukumu ya kwanza mpaka rufaa kuamuliwa, na hivyo ndivyo inavyotakiwa iwe kwa kila mtu, sina ugomvi na hilo hata kidogo. Sheria inakupa siku 10 kutoa notisi ya rufaa na siku 45 kuwasilisha sababu, ila siku za kusubiri nakala ya mwenendo wa kesi na hukumu hazihesabiwi, na hapo kwenye kusubiri nakala ndo watu wanapopotelea. Aliye na wakili anafuatilia kila wiki, aliye gerezani bila wakili anamwambia bwana jela, bwana jela anaandika barua, barua inaenda, tunasubiri. Adhabu ikiwa nzito hivi, makosa ya mahakama ya chini yanagharimu miaka, sio miezi, kwahiyo kasi ya rufaa inakuwa ni sehemu ya adhabu.

Mnakumbuka yule mama wa Iringa? 2022, alikutwa na vipande 12 vya nyama ya swala, akapewa miaka 22. Nchi nzima ilipiga kelele, na mwaka uliofuata Mahakama Kuu ikamwachia. Wengi walimtukana hakimu, mimi nilimwonea huruma, kwasababu nyara za serikali zimeingizwa kwenye uhujumu uchumi na huko sheria imemwambia chini ya 20 usishuke. Angempa nini? Sheria iliyoandikwa kwa ajili ya matajiri wa pembe za ndovu inamkuta mama mwenye sufuria, na hakimu haruhusiwi kusema hawa ni watu wawili tofauti. Na ni huyo mmoja tu tuliyemsikia.

Huku kwetu nyama sio kesi kubwa kama mirungi na bangi. Mirungi inatoka milimani kule Same na mingine inavuka mpaka wa Namanga, bangi kuna zile safu za Arumeru, Kisimiri kila mtu anaijua. Anayekamatwa mara nyingi ni dogo wa bodaboda, kapewa elfu ishirini abebe kiroba. Sheria ya 2015 ilivyorekebishwa 2017 inapanga adhabu kwa uzito, ukishakuwa unasafirisha, mpaka uzito fulani ni 30, ukizidi hapo maisha. Kwahiyo mwenye kilo tatu na mwenye makumi ya kilo wanaingia kapu moja, na aliyebeba na mwenye mzigo wanaingia kapu moja pia, tofauti ni kwamba mwenye mzigo hakamatwi maana yeye hapandi bodaboda.

Sasa nije kwa watu watakaonijibu kwamba wewe hujaporwa ndo maana unaandika haya. Nimeporwa. Mwaka juzi, Kwa Mrombo, saa moja na nusu usiku, pikipiki moja watu watatu, tatu mzuka kama tunavyowaita hapa, wa nyuma ana panga. Walichukua simu na mkoba wa mke wangu, na mmoja alimpiga na ubapa wa panga mgongoni bila sababu yoyote maana alikuwa ameshatoa kila kitu. Kwa wiki kama mbili hakutoka nje baada ya magharibi. Ningewakamata usiku ule sijui ningefanya nini, na nasema hivyo nikijua maana yake. Kwahiyo naijua hasira ya mtu wa Arusha, naijua kwanini tunaita mwizi alafu tunachukua mawe, na wale wa panga wakikamatwa mimi nataka wakae ndani miaka mingi.

Ila jambo moja nalikumbuka vizuri. Kabla ya ile pikipiki kutufikia, hao vijana hawakukaa mahali wakapiga hesabu kwamba ni 30 sio 15. Walipiga hesabu moja tu, kwamba hatutakamatwa, na hesabu yao ilikuwa sahihi, mpaka leo hawajakamatwa. Nilitoa taarifa, nikapewa RB, nikaambiwa nikisikia chochote nije. Nikisikia mimi. Namba ya simu iliyoporwa ilikuwa inaita siku mbili nzima. Hapo ndo hela na nguvu zetu zilitakiwa ziende, kwenye kumkamata aliyefanya, haraka, na kumpeleka mahakamani na ushahidi umekamilika. Adhabu ya miaka 30 haina gharama kwa mbunge, anainua mkono inapita, askari mpelelezi mwenye mafuta kwenye gari ndo ana gharama. Kwahiyo tunanunua kile cha bure.

Na adhabu nzito kupita kiasi inaua kesi zenyewe, hili halisemwi sana. Kwenye ubakaji wa watoto wadogo mimi sina huruma na mtu, chini ya miaka 10 ni maisha na iwe hivyo. Lakini uliza watu wa ustawi wa jamii nini kinatokea vijijini huko Longido au Siha msichana wa sekondari wa miaka 17 akipata mimba na kijana wa miaka 19 wa boma la jirani. Familia zikisikia 30 zinakaa chini, wanaelewana ng'ombe, msichana anaambiwa aseme hamjui, anahamishwa kwa shangazi, kesi inakufa kwa kukosa shahidi. Na njia hiyohiyo iliyotengenezwa kumwokoa huyu kijana wa 19 ndo anapita yule mzee wa miaka 50 aliyembaka mtoto, kwasababu wazee wameshazoea kumalizana nyumbani. Kama mahakama ingekuwa na adhabu ya katikati, watu wangeiamini kwenda nayo mpaka mwisho.

Jambo lingine ni hili la kukiri kwa makubaliano lililoingia kwenye sheria 2019. Wazo ni zuri, kesi zinaisha, waathirika wanalipwa. Ila fikiria uko mahabusu mwaka wa pili, huna dhamana, anakuja mtu anakwambia kiri hili kosa dogo utoke leo, au subiri la 30. Hata asiye na hatia anaweza kukiri hapo. Nguvu ya yule anayekupa hiyo ofa inatoka wapi? Inatoka kwenye kile kiwango cha chini. Akikuandikia kosa kubwa anajua hakimu hawezi kukuokoa hata akitaka.

Tume ya haki jinai aliyoiunda Rais Samia Januari 2023 chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman ilikabidhi ripoti Julai mwaka ule, na mjadala mwingi ulienda kwa polisi na ukamataji, sawa, panahitajika. Kabla yake, 2022, sheria ilibadilishwa kwamba mtu asifikishwe mahakamani mpaka upelelezi ukamilike, ila makosa mazito yanayosikilizwa na Mahakama Kuu yakaachwa nje, yaani wale wanaokaa mahabusu muda mrefu zaidi ndo hawakuguswa. Mahakama nayo ina mwongozo wa utoaji adhabu, unamfundisha hakimu kupima uzito wa kosa, madhara kwa aliyetendewa, umri, kukiri, kama ni mara ya kwanza. Mwongozo mzuri kabisa, na hauna kazi yoyote pale kifungu kinaposema kisichopungua.

Mimi napendekeza Bunge liache hiyo 30 ibaki, sitaki ifutwe, ila iwe ni pa kuanzia na sio sakafu. Hakimu aanze na 30, akitaka kushuka aandike kwa nini, kurasa mbili tatu, zisomwe mahakamani mbele ya aliyeporwa, na upande wa mashtaka wawe na haki ya kukata rufaa wakiona ameshuka kizembe. Mkiogopa rushwa, na najua mnaogopa, hata mimi naogopa, basi rushwa ya kwenye hukumu iliyoandikwa na inayokaguliwa na Mahakama Kuu ni rahisi kuikamata kuliko rushwa ya kaunta ya kituo ambako neno silaha linaweza kuingia au kutoka kabla jua halijachomoza. Silaha zenyewe zigawanywe, bunduki na panga lililokata mtu visiwe sawa na jiwe au bisibisi ambayo haikumgusa mtu. Siku za mahabusu zikatwe, zote, kwa sheria na sio kwa hisani. Sheria ya parole ya 1994 inawaacha nje watu wa unyang'anyi wa silaha moja kwa moja, bodi ipewe nafasi ya kumwangalia mtu akishamaliza theluthi, kama hafai abaki. Na ile huduma kwa jamii ya 2002, inayoruhusu wa vifungo visivyozidi miaka 3 watumikie nje kwa kazi za umma, itumike kweli, tuwe na sehemu ya kuwalaza hao wa panga badala ya kujaza gereza na wezi wa kuku.

Jirani yangu alikuwa Kisongo tena wiki iliyopita. Amebeba sabuni na dawa ya meno, na swali lilelile ananiuliza kila akirudi, kwamba huo msamaha wa theluthi upo au haupo. Upo, kwa mwenye nidhamu, 30 inakuwa 20, kijana atatoka na miaka 44. Yeye mama sasa hivi ana 63. Rufaa ya chalii bado inasubiri nakala ya mwenendo.